Siku Sita za Marangu: Jinsi ya Kupanda Kilimanjaro na Kuuona

Moshi kuna nyakati mbili nzuri za kuutazama mlima: alfajiri mpaka kama saa moja na nusu, na jioni jua linapokaribia kuzama. Katikati ya hapo mawingu huwa yameshaufunika. Aliyewahi kushuka basi la usiku pale stendi, akainua macho na kuona kilele cha Kibo kikielea juu ya ukungu, cheupe, bila kitu cha kukishikilia chini, hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanavuka bahari kuja kukikanyaga.

Sisi tulio karibu tunauacha. Nimezungumza na wenzangu wengi waliozaliwa Rombo, Kibosho, Machame, watu ambao maji ya kwao ya kunywa yanatoka mlimani, na hawajavuka geti hata siku moja. Wengine wanasema ni mlima wa wazungu. Wengine wanadhani ada ni ileile anayolipa mgeni. Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa Mkenya, Mganda au Mkongo anayeuona kwenye picha na kutamani.

Nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza nilichukua siku tano kwenye njia ya Marangu ili kuokoa fedha, na usiku wa kilele nikaishia njiani, kwenye Pango la Hans Meyer, kichwa kikipasuka, nikitapika hata maji. Sikukumbuka chochote cha njiani zaidi ya visigino vya aliyenitangulia. Mara ya pili nilichukua siku sita, njia ileile. Nilifika Uhuru, kilele chenyewe, na safari hii niliuona mlima. Kwa hiyo ushauri wangu wote umesimama juu ya siku hiyo moja ya ziada.

Hatua ya kwanza: hesabu siku kabla ya kuchagua njia

Watu hudhani hewa ya juu ina oksijeni chache. Uwiano wake ni uleule wa Dar es Salaam, asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kileleni, mita 5,895, ni kama nusu ya ule wa pwani, basi kila unapovuta pumzi unapata nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili unajua la kufanya, ila unataka muda. Kwanza unapumua haraka na kwa kina. Kisha figo zinarekebisha kemia ya damu ili upumuaji huo uendelee hata usingizini, ndiyo maana utakojoa mara nyingi kuliko kawaida, na hiyo ni dalili njema. Baadaye sana damu huongeza chembe nyekundu. Kazi hii haiharakishwi kwa mazoezi. Nimeona vijana wa mpira, wenye miguu ya chuma, wakirudishwa chini kwa sababu siku ya kwanza na ya pili walikuwa wanashindana nani atafika kambini mapema.

Kanuni ya madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sasa tazama vibanda vya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku unaruka mita elfu moja. Njia hii inavunja kanuni waziwazi, na dawa yake ni kulala Horombo usiku mbili badala ya mmoja. Ukiambiwa na mtu kwamba siku hiyo ni ya kupoteza hela, usimsikilize.

Kuhusu njia zenyewe: Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, hivyo mvua haikusumbui na mizigo ni michache. Machame ina mandhari mapana zaidi, na inakupandisha mpaka Lava Tower, juu ya mita 4,600, kisha inakushusha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Huko kupanda juu na kulala chini ndiko kunakousaidia mwili. Lemosho, inayoanzia Londorosi upande wa magharibi, ni bora kuliko zote kwa mwenye siku nane na fedha ya mahema. Rongai inatokea kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, na huwa kavu zaidi. Umbwe ni mkwezo mkali, usianzie huko. Mimi nitaieleza Marangu kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa miguu yangu, na ndiyo inayompunguzia gharama mwananchi.

Miezi mizuri ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, msituni ni tope na juu ni theluji. Novemba kuna vuli. Kuelekea 9 Desemba makundi ya Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru. Kama huna kundi, hapo utapata la kujiunga nalo.

Hatua ya pili: kibali, kiongozi na wapagazi

Huruhusiwi kupanda peke yako. Lazima uwe na kiongozi mwenye leseni, na kwa kawaida unapitia kampuni ya utalii inayokulipia ada za hifadhi, yaani kiingilio, vibanda na uokoaji. Raia wa Afrika Mashariki hulipa sehemu ndogo mno ya anachotozwa mgeni, mradi aonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Usikisahau nyumbani. Mtoto aliye chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni.

Kabla ya kulipa, kaa na mwenye kampuni umuulize. Wanabeba mtungi wa oksijeni na kipima oksijeni cha kidoleni? Kiongozi amefundishwa huduma ya kwanza? Kuna wasaidizi wangapi wa kiongozi, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine waendelee? Na wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi?

Swali la wapagazi halina aibu. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na hupimwa kwenye mizani getini. Simama pale uone ukipimwa. Hawa ni vijana na kina mama wa vijiji vilevile ulivyopita ukija, na bei ya chini kupita kiasi mara nyingi imetolewa mfukoni mwao. Sisi wenyeji tuna tabia ya kusema bakshishi ni mambo ya wageni. Tuiache. Tenga fungu hilo mapema kwenye bajeti, na siku ya mwisho mpe kila mtu mkononi mwake.

Hatua ya tatu: kamuone daktari, kisha anza kutembea

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande. Anayebeba kinasaba kimoja tu, hata kama hajawahi kuugua, azungumze na daktari kwanza, kwa maana uhaba wa oksijeni unaweza kuidhuru bandama yake. Kwetu hali hii ni ya kawaida na wengi hawajipimi, kwa hiyo pima kabla ya kulipia safari. Mwenye pumu, shinikizo la damu au matatizo ya moyo naye apate ruhusa. Mjamzito asubiri. Ukiwa na mafua au kifua siku ya kuondoka, ahirisha. Kanuni za hifadhi zenyewe zinakataza mwenye hali hiyo kupita mita 3,000.

Mwombe daktari akueleze kuhusu Diamox, yaani asetazolamidi. Inausaidia mwili kuzoea haraka, na dozi ya kinga iliyozoeleka ni miligramu 125 asubuhi na jioni. Si kwa kila mtu, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Mazoezi: miezi miwili au mitatu ya kutembea, si kukimbia. Panda ngazi ukiwa na begi lenye kilo saba au nane. Anayeishi Dar aende Uluguru mwisho wa wiki. Mwenye nafasi apande kwanza Hanang, au Meru wenye mita 4,566, ambako utatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Meru ni mlima mzuri kwa haki yake, na ukitokea pale ukaingia Kilimanjaro wiki hiyohiyo, mwili wako umeshaanza kazi.

Hatua ya nne: mavazi, kwa sehemu kubwa kutoka mitumbani

Nguo nyingi za mlimani zinapatikana kwenye mitumba ya Moshi, kwa sababu hata wageni huacha zao. Tafuta nguo za ndani zinazobana mwili zisizo za pamba (pamba ikilowa jasho haikauki, na jasho likipoa juu ya ngozi kwenye baridi kali ni hatari), sweta zito, koti nene la kujazwa manyoya, na koti la mvua linalozuia maji kwelikweli. Usiku wa kilele joto hushuka nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi, na upepo huongeza makali. Boshori, glavu jozi mbili, soksi nene, tochi ya kichwani yenye betri mpya, miwani ya jua, mafuta ya ngozi ya kuzuia jua. Ngozi nyeusi nayo huungua juu ya theluji. Midomo yangu ilichubuka wiki nzima.

Kitu kimoja usinunue haraka haraka: buti. Zivae mwezi mzima kabla ya safari. Mfuko wa kulalia wa baridi unaweza kukodi mjini. Maji beba kwenye chupa za kudumu, lita tatu kwa siku, kwa maana chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani.

Hatua ya tano: siku kwa siku

*Siku ya kwanza, geti hadi Mandara.* Kilomita nane hivi, mwendo wa saa tatu hadi nne. Ukija getini umeshapita vihamba, yaani mashamba ya familia, migomba juu na kahawa chini, na mifereji ambayo Wachagga waliichimba karne nyingi kabla ya kuwepo idara yoyote ya maji. Ukivuka geti unaingia msituni na sauti zinabadilika. Tembea polepole kiasi kwamba unaweza kusimulia hadithi bila kukatisha pumzi. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Ukienda mwendo huo utaona ua dogo jekundu lenye ncha ya njano, limejikunja kama mkonga wa tembo. Ni Impatiens kilimanjari, halipatikani mlima mwingine wowote duniani. Juu ya miti kuna mbega weusi kwa weupe wenye mikia kama pindo la kanzu. Aliyenikaribisha msitu huu alikuwa mzee mmoja, msaidizi wa kiongozi, aliyeniambia nishike shina la mti na nisikilize maji. Watu hudhani maji ya mlima hutoka kwenye barafu. Sehemu kubwa hutoka hapa, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Jioni, kabla ya chakula, panda kidogo hadi Kasoko ya Maundi, shimo la volkano ya zamani, kisha urudi kulala.

*Siku ya pili, Mandara hadi Horombo.* Kilomita kumi na moja au zaidi. Msitu unakatika ghafla, na badala yake kuna vichaka vya erika vyenye ndevu za kijivu, kisha nyasi na anga. Mawingu sasa yako chini yako. Kulia inatokeza Mawenzi, mita 5,149, yenye meno na nyufa. Wachagga wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akiacha moto wake uzime, kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba makaa, mpaka siku moja Kibo akachoka akamtwanga. Ukiutazama mlima ule uliovunjikavunjika, hutacheka hadithi hiyo.

Sehemu hii iliungua Oktoba 2020, na moto mwingine ukazuka mlimani Oktoba 2022. Usivute sigara, usiwashe chochote. Erika huchukua miaka mingi kurudi.

*Siku ya tatu, Horombo.* Hii ndiyo siku yangu. Asubuhi panda taratibu hadi Miamba ya Pundamilia, kwenye mita 4,000 hivi, ukuta wa mawe meusi yenye michirizi meupe iliyochorwa na maji. Kaa nusu saa, rudi, kula, lala.

Njiani simama kwenye miti ile ya ajabu, mirefu kuliko mtu, yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi. Ni dendrosenesio, na aina hii ni ya mlima huu. Majani yake yakifa hayadondoki, hubaki yamelizunguka shina kama blanketi. Karibu yake kuna lobelia, ambayo usiku hufunga majani yake na mchana huyafungua. Ndani ya majani imehifadhi maji. Juu yake huganda barafu, na barafu hiyo ndiyo inayokinga chipukizi la chini lisigande. Huku, kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe, na mimea hii imejifunza kuishi misimu miwili kwa siku moja. Mara ya kwanza niliipita yote nikitazama saa.

Horombo ndipo pia pa kujisikiliza. Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika ni kawaida. Mweleze kiongozi, kunywa maji, usipande zaidi mpaka kitulie. Zipo dalili ambazo hazina mjadala. Ukianza kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, ukakohoa makohozi yenye povu, mapafu yanajaa maji. Ukianza kuyumba kama mlevi au kuongea yasiyoeleweka, ubongo unavimba. Kipimo chake ni rahisi: tembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Ukishindwa, unashuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Oksijeni na dawa husaidia njiani, lakini tiba ni kushuka. Usifiche. Watu hufa mlimani kwa kuficha.

*Siku ya nne, Horombo hadi Kibo.* Mimea inaisha. Utapita mahali pa maji ya mwisho, kisha uwanda mpana kati ya Mawenzi na Kibo, mkavu, kimya, kunguru wenye shingo nyeupe tu. Fika alasiri, kula hata kama hutaki (uji wa moto na supu hupita wakati wali umegoma), panga nguo za usiku, lala ukiwa umevaa nusu yake.

Hatua ya sita: usiku wa kilele

Mnaamshwa saa tano, mnaondoka karibu saa sita usiku. Weka chupa ya maji juu chini, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu, na mdomo wa chupa ukiwa chini hauzibwi. Betri za simu na tochi ziweke kifuani, baridi huzimaliza.

Mbele yako kuna mita 1,175 za kwenda juu. Kokoto zinateleza, unapanda hatua mbili unarudi moja. Usitazame kilele. Nilichofanya mara ya pili ni kupatanisha pumzi na mguu: hatua moja, pumzi nzima, hatua nyingine. Pale pangoni nilipoishia mara ya kwanza, karibu mita 5,150, kiongozi alinipa chai ya tangawizi na tukaondoka bila kusema kitu. Zima tochi dakika moja ukipumzika. Nyota za pale sijaziona kwingine, nyingine ziko chini ya usawa wa macho yako.

Gilman's Point, mita 5,685, ni ukingo wa kasoko. Wengi hufika hapo kunapambazuka, na jua linachomoza nyuma ya Mawenzi, likautia mlima wote rangi ya shaba. Ukijiona umechoka kabisa, hapo panatosha, na utapewa cheti. Ukiwa bado unaongea vizuri, zungukia kushoto kupita Stella Point hadi Uhuru, saa moja na nusu au mbili za mwinuko mpole.

Kushoto kwako ni barafu. Kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takribani asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Kuta zilizobaki zimesimama wima, za samawati kwa ndani, na jua likizipiga unasikia zikipasuka kidogo kidogo. Nilisimama pale zaidi ya nilivyosimama kwenye kibao cha kilele. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliona theluji karibu na ikweta, na alipoandika hivyo wataalamu wa Ulaya walimkatalia. Wachagga walikuwa wakiiona kila asubuhi. Na Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walipofika juu Oktoba 1889, simulizi za Marangu zinasema kijana wa hapo, Yohani Kinyala Lauwo, ndiye aliyewaonyesha njia.

Kilele kilipewa jina la mfalme wa Ujerumani, kikakaa nalo mpaka usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya Tanganyika huko na kuwasha Mwenge. Mgeni akifika pale hupiga picha. Mimi nililia. Kaa dakika kumi na tano, si zaidi, mwili hauna akiba.

Hatua ya saba: kushuka

Hapa ndipo magoti na vifundo vya miguu huumia. Tumia fimbo mbili, piga hatua fupi, kaza kamba za buti ili vidole visigonge mbele. Unapumzika Kibo saa moja, unashuka kulala Horombo. Utashangaa jinsi hewa ya Horombo, iliyokukaba siku tatu zilizopita, ilivyo tamu.

Siku ya sita mnateremka moja kwa moja hadi getini. Mwaga bakshishi, saini kitabu, pokea cheti. Ukiwa Marangu agiza mtori, mwili unautaka. Usipande gari la Dar usiku huo. Lala Moshi, na jioni mawingu yakifunguka, toka nje utazame ulipokuwa jana alfajiri.